Nyumba ya Wasafiri ya Lexington

Mtu atokaye mji wa Boston, katika nchi ya Marekani, akiifuata barabara ya zamani iendayo upande wa kaskazini-magharibi, hufika Lexington baada ya safari ya maili 11 hivi. Katikati ya mji huo pana uwanja wa majani wenye pembe tatu, na ng'ambo ya uwanja, karibu kabisa na barabara, imesimama nyumba ya kale ya mbao. Nyumba hiyo yaitwa Buckman Tavern. Ndani yake umehifadhiwa mlango wake wa mbele wa zamani, na katika ubao wa mlango huo mna tundu la risasi. Wenyeji husema ya kuwa tundu hilo liliachwa na vita vya alfajiri ya tarehe 19 Aprili, mwaka 1775, siku ambayo vita vya Waamerika na Mfalme wa Uingereza vilianza.

Tundu la risasi ni kitu kidogo, wala mgeni hangelitazama mara mbili kama asingeelezwa habari zake. Lakini mambo yaliyopita mlangoni pale, na katika nyumba nyingine za namna ile zilizokuwa kando ya barabara ile ile, yafaa kujulikana. Nyumba ya njiani haichagui wageni. Amani ikija, humpokea mwenye safari. Na vita vikija, huvipokea pia.

Nyumba hii ilijengwa yapata mwaka 1710. Mwenyewe alikuwa Benjamin Muzzey, aliyekuwa amekwisha kupata ruhusa ya Serikali ya kuuza vinywaji na kulaza wasafiri. Siku zile hakuna mtu aliyeweza kufanya kazi hiyo bila hati ya ruhusa, maana watawala walitaka kujua ni nani alalaye njiani na ni nani amwuziaye pombe. Katika mwaka 1775 mwenye nyumba alikuwa John Buckman, aliyeoa katika ukoo wa Muzzey, na jina lake ndilo lililobaki.

Kazi ya nyumba ilikuwa nyingi. Wachungaji waliopeleka ng'ombe na nguruwe katika soko la Boston walipumzika hapo pamoja na mifugo yao. Wenye magari ya farasi walilisha farasi wao. Siku ya Jumapili wakulima waliotoka mashamba ya mbali kuja kusali waliingia hapo kati ya ibada ya asubuhi na ile ya alasiri, kwa sababu nyumba ya ibada haikuwa na moto, na baridi ya nchi ile huuma mpaka mfupani. Katika chumba cha vinywaji lilikuwapo meko kubwa la matofali. Kinywaji walichokipenda mno kilikuwa bia iliyochanganywa na sukari na pombe kali ya miwa, kisha kikachomekwa ndani yake chuma kilichotiwa motoni hata kikawa chekundu. Kinywaji kilichemka na kutoa povu, na mnywaji akapata joto mara moja.

Tena kulikuwa na jambo lililowavuta watu kuliko pombe, nalo ni habari. Gazeti likifika kutoka Boston, mmoja alilisoma kwa sauti na wengine wakasikiliza. Aliyekuwa na shamba tu alikaa karibu na mwenye duka na mwanasheria, na kila mmoja akatoa neno lake. Kwa hiyo ugomvi wa Boston na Serikali ya Uingereza haukukaa Boston. Ulisafiri pamoja na magari na ng'ombe, ukaketi barazani katika kila nyumba ya njiani.

Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya kodi. Uingereza ilikuwa imepigana vita virefu na Wafaransa katika Amerika, na deni lilikuwa kubwa. Bunge la London likaona ni haki watu wa Amerika wasaidie kulilipa. Mwaka 1765 ilitolewa sheria ya stempu, iliyotoza kodi juu ya hati za mahakama, magazeti, karata za kuchezea, na hata hati za ruhusa za kuuzia vinywaji. Basi kodi hiyo iliingia moja kwa moja katika nyumba za wasafiri: msomaji aliilipa, mcheza karata aliilipa, na mwenye nyumba aliilipa. Watu wakasema ya kuwa Bunge wasilo na mjumbe ndani yake haliwezi kuwatoza kodi. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1766, lakini zikaja kodi nyingine. Katika Desemba 1773 watu wa Lexington walikusanya majani yao ya chai wakayachoma moto, na siku chache baadaye watu wa Boston walitupa baharini makasha 342 ya chai. Mwaka 1774 Serikali ikafunga bandari ya Boston, ikaweka askari wengi mjini. Nao watu wa mashamba wakaanza kukusanya bunduki na baruti.

Kila mji ulikuwa na kikosi chake cha askari wa mgambo, yaani wakulima na mafundi waliofanya mazoezi kwa siku zilizowekwa. Wale wa Lexington walifanya mazoezi yao katika uwanja ule, na mazoezi yakiisha walivuka barabara kwenda kwa Buckman. Mkubwa wao alikuwa Kapteni John Parker, mkulima mwenye umri wa miaka 45, ambaye kifua kikuu kilikuwa kimekwisha kumshika.

Usiku wa tarehe 18 Aprili, Jenerali Thomas Gage, aliyekuwa Gavana, alituma askari 700 hivi chini ya Luteni Kanali Francis Smith waende Concord, maili 6 au 7 mbele ya Lexington, wakaziteketeze silaha na baruti zilizowekwa huko. Safari ilikusudiwa iwe ya siri, lakini siri haikukaa. Wapanda farasi wawili, Paul Revere na William Dawes, walitoka Boston kwa njia mbalimbali kupeleka habari. Yapata saa sita ya usiku Revere alifika Lexington, katika nyumba ya mchungaji Jonas Clarke, walimokuwa wamelala John Hancock na Samuel Adams, viongozi wa waliopinga kodi.

Kengele ikapigwa. Wahenga wetu wamesema, mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Yapata saa saba ya usiku watu 130 hivi walikuwa wamesimama uwanjani gizani, kila mmoja na bunduki yake. Wakangoja, na hakuna aliyetokea. Mpelelezi mmoja akarudi akasema hakuona askari njiani. Baridi ilikuwa kali, na Kapteni Parker akawapa watu ruhusa waondoke, kwa sharti ya kuwa wakisikia ngoma warudi mara moja. Waliokaa karibu walikwenda makwao, na waliotoka mbali wakaingia kwa Buckman kuota moto.

Ni vigumu kufikiri usiku mrefu kuliko ule. Waliokuwa katika chumba kile hawakuwa askari kwa kazi yao. Wengi wao walikuwa ndugu, mashemeji na binamu. Baba na mwana walikuwa katika kikosi kimoja. Wengine walikuwa wameacha ng'ombe wasiokamuliwa na mashamba yaliyokuwa yakingoja jembe la masika. Hakuna tangazo la vita lililokuwa limetolewa. Walikuwa bado raia wa Mfalme, nao waliowangoja walikuwa askari wa Mfalme huyo huyo.

Katika nyumba ile ile mlikuwa na kazi nyingine iliyosalia. Hancock alikuwa ameacha kasha kubwa lililojaa karatasi zake, nalo lilikuwa katika chumba cha juu. Kama karatasi zile zingeingia mikononi mwa Serikali, watu wengi wangekuwa katika hatari, kwa kuwa majina yao yalikuwa humo. Karani wa Hancock, aitwaye John Lowell, alirudi pamoja na Paul Revere kulichukua. Revere mwenyewe alikuwa amekwisha kukamatwa njiani na maofisa wa Kiingereza, akaachiliwa bila farasi wake. Wakapanda juu, na hapo dirishani Revere akaona kikosi cha askari kikija, kimekaribia sana.

Ilikuwa yapata saa kumi na nusu ya alfajiri. Thaddeus Bowman alikuwa amefika mbio juu ya farasi kuleta habari ya kuwa askari wako karibu, na kijana William Diamond akapiga ngoma. Watu wakatoka mlangoni kwa Buckman, wakavuka barabara, wakajipanga safu mbili uwanjani. Walikuwa 77 hivi. Karani na Revere wakapita katikati ya safu zao wakiwa wamelibeba kasha la karatasi, wakatokomea upande wa pili. Basi katika saa ile ambayo wengine walishika bunduki, mtu mmoja aliifanya kazi yake ya ukarani mpaka mwisho, na karatasi zikaokoka.

Askari waliokuwa mbele, yapata 240, waliongozwa na Meja John Pitcairn. Maofisa wakapiga kelele wakiwaamuru wakulima waweke silaha chini na kutawanyika. Kapteni Parker, alipoona wingi wao, aliwaambia watu wake watawanyike wala wasipige. Wengine walianza kuondoka, lakini wengine hawakusikia kwa sababu ya makelele. Hapo bunduki moja ikalia. Mara askari wakapiga wote kwa pamoja, kisha wakashambulia kwa singe. Jonas Parker, binamu wa Kapteni, alijeruhiwa akaanguka, naye alichomwa kwa singe alipokuwa akijaribu kutia risasi nyingine katika bunduki yake. Isaac Muzzey, mwenye jina la ukoo ule ulioijenga nyumba, aliuawa pia. Mambo haya yote yalichukua dakika chache tu. Moshi ulipoondoka, Waamerika 8 walikuwa wamekufa au wanakufa, na 10 walikuwa na majeraha. Upande wa askari alijeruhiwa mmoja.

Ni nani aliyepiga kwanza? Watu wa Lexington walikula kiapo mbele ya mahakimu kwamba wao hawakuanza. Maofisa wa Kiingereza nao waliandika ya kuwa risasi ya kwanza ilitoka nyuma ya ukuta au katika nyumba zilizokuwa karibu, na nyumba iliyokuwa karibu kuliko zote ni ile ya Buckman. Miaka zaidi ya mia mbili imepita, na wanahistoria hawajapatana. Jambo lililo dhahiri ni hili: watu wenye silaha wakisimama wakitazamana, na kila upande umejaa hofu, bunduki moja yatosha.

Askari wakaendelea na safari yao hadi Concord. Huko nako kulikuwa na nyumba ya wasafiri katikati ya mji, iitwayo Wright Tavern, iliyojengwa mwaka 1747. Kabla ya mapambazuko askari wa mgambo wa Concord walikuwa wamekutanika humo. Jua lilipopanda walikuwa wameondoka, na Kanali Smith na Meja Pitcairn wakaingia, wakaifanya kuwa makao yao. Viti ni vile vile na meza ni zile zile. Waliobadilika ni wageni. Watu wa mgambo wakapigana na askari penye daraja la kaskazini mwa mji, na hapo askari wa Kiingereza waliuawa. Yapata adhuhuri Smith akaanza kurudi Boston, na kila penye ukuta na mti pakawa na mtu mwenye bunduki.

Maili moja mashariki ya nyumba ya Buckman ilikuwapo nyumba nyingine ya wasafiri, iitwayo Munroe Tavern. Mwenyewe, William Munroe, alikuwa sajini katika kikosi cha Kapteni Parker, na siku ile hakuwapo nyumbani. Mkewe Anna alipoona askari wanakaribia aliwachukua watoto wake akakimbilia kilima kilicho nyuma ya nyumba. Alasiri alifika hapo Lord Percy na askari wapatao 1,000 na mizinga miwili, ametumwa kuwasaidia wale waliochoka. Kwa muda wa saa moja na nusu hivi nyumba ikawa makao yake na hospitali ya majeruhi. Chumba cha kulia chakula kikajaa damu. Askari walikula na kunywa walichokikuta. Mtu mmoja, John Raymond, aliyeachwa kuiangalia nyumba, alilazimishwa kuwahudumia. Alipojaribu kutoroka kwa mlango wa nyuma, akapigwa risasi akafa. Askari walipoondoka waliacha moto ukiwaka ndani, lakini majirani waliwahi kuuzima. Hata leo katika dari ya chumba cha vinywaji laonekana tundu la risasi.

Mbele yake, katika kijiji kilichoitwa Menotomy, ambacho siku hizi ni mji wa Arlington, watu wawili waliitwa Jason Winship na Jabez Wyman. Hawa walikuwa wameketi wakinywa katika nyumba ya wasafiri ya Cooper. Vita vikawakuta mle ndani, nao waliuawa pale pale. Bwana na Bibi Cooper walijificha chini ya nyumba, wakapona. Jua lilipokuchwa, askari wa Mfalme waliouawa siku ile walikuwa 73, na Waamerika 49.

Ama nyumba ya Buckman, ilipata mgeni mmoja wa mwisho wa siku ile. Askari mmoja wa Kiingereza, aliyejeruhiwa wakati wa kurudi, aliletwa humo akalazwa. Watu wa nyumba, ambao asubuhi walikuwa wamewachukua jirani zao kutoka uwanjani wakiwa maiti, walimtunza mtu wa jeshi lililowaua. Hakupona, akazikwa katika makaburi ya mji ule ule, karibu na watu waliokuwa adui zake. Kapteni Parker naye hakukaa siku nyingi. Ugonjwa wake ulimwua katika Septemba ya mwaka huo huo, asijue kama vita alivyoviona vikianza vingemalizika kwa kushinda au kwa kushindwa. Vilimalizika mwaka 1783.

Katika majeruhi 10 wa asubuhi ile yumo mmoja ambaye habari zake zilikaa muda mrefu bila kusimuliwa sana. Jina lake Prince Estabrook, mtu mweusi, naye alikuwa mtumwa wa Benjamin Estabrook, mkazi wa Lexington. Alisimama katika safu ya Kapteni Parker pamoja na wengine, akapigwa risasi ya bega. Yafaa kufikiri jambo hili kwa utulivu. Wenzake walisema wanatetea haki yao ya kutotozwa kodi bila kuulizwa. Yeye hakuwa na haki hata juu ya nafsi yake. Walisema hawataki kuwa watumwa wa Bunge; yeye alikuwa mtumwa wa jirani yao. Ilhali risasi haikuuliza ni nani aliye mwungwana na ni nani asiye. Jeraha lake lilipopona alirudi vitani, akatumika mara kadhaa katika jeshi la Waamerika, na vita vilipokwisha akapata uhuru wake. Katika mwaka 1783 mahakama kuu ya Massachusetts ilihukumu ya kuwa utumwa haupatani na katiba ya jimbo, kwa kuwa katiba hiyo ilisema watu wote huzaliwa huru na sawa. Katika uzee wake alihamia mji wa Ashby, na huko ndiko alikozikwa.

Baada ya vita nyumba zile zilirudia kazi yake. Kwa Munroe alikula chakula Rais George Washington mwaka 1789, alipokuja kuuona uwanja wa vita. Nyumba ya Buckman ikawa posta ya kwanza ya mji mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, na watu walioifuata zamani kwa habari za gazeti sasa waliifuata kwa barua zao. Mwaka 1913 mji uliinunua ili isiharibike, na hata leo imetunzwa na chama cha historia cha Lexington. Wageni huonyeshwa meko, chumba cha vinywaji, na ule mlango wa zamani.

Ila kwa muda mrefu aliyetoka nje ya nyumba ile aliona sanamu na mawe ya ukumbusho ya wengine, wala hakuliona jiwe la Prince Estabrook. Jiwe lake liliwekwa mbele ya nyumba ya Buckman mwaka 2008, miaka 233 baada ya siku ile. Hivyo mgeni wa leo anayo mambo mawili ya kutazama penye nyumba hii. Ndani lipo tundu lililo katika mlango, nalo lamkumbusha jinsi vita viingiavyo upesi katika nyumba ya mtu. Nje lipo jiwe, nalo lamkumbusha jinsi haki ifikavyo polepole kwa aliyeipigania. Barabara yenyewe ingali inapita mlangoni, na wasafiri wangali wanakuja.